Zamu ya Asbjørg

Vijiko viwili vya uji ndivyo vilivyomnyima Asbjørg mkeshaji. Jumatatu asubuhi muuguzi aliandika kwenye ripoti yake, bila nia mbaya yoyote, kwamba mgonjwa amekula kidogo na ametabasamu. Jumanne saa tatu simu ikalia jikoni. Jorunn, bintiye, akaipokea akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo begani.

"Habari nzuri," alisema Renate wa halmashauri. "Naona mama ameanza kula."

"Vijiko viwili," alisema Jorunn. "Cha tatu alikitema."

"Lakini imeandikwa hapa kwamba alitabasamu."

"Alimtabasamia muuguzi kwa adabu. Mama yangu angemtabasamia hata shetani, mradi amevua viatu mlangoni."

Renate alicheka kidogo, kisha akaikumbuka kazi yake. "Sikiliza, Jorunn. Mkeshaji tunamtoa kwa mtu aliye katika siku zake za mwisho, na daktari awe ameandika hivyo. Yule tuliyemleta wiki iliyopita alikaa siku tatu mchana na usiku. Mama hakufa."

"Mtuwie radhi."

"Sikumaanisha hivyo."

"Najua."

"Mtu anayekula hahitaji mkesha, anahitaji uangalizi. Na uangalizi mnao. Muuguzi anakuja saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Nikikupa wewe mkeshaji, kuna mzee mwingine nitakayemnyang'anya. Au mleteni huku kituo cha wazee, chumba kipo."

Kituo kilikuwa bara, mwendo wa saa mbili kwa boti. Asbjørg alikwisha kukikataa tangu majira ya baridi, si kwa maneno, bali kwa kugeuza uso wake ukutani na kukaa hivyo mpaka watu wakazungumza mambo mengine.

"Na zile siku zako za likizo ya kuuguza?" aliuliza Renate. "Zote sitini zimekwisha?"

"Zimekwisha. Mwezi wa pili daktari alisema mama amebakiza wiki mbili. Nikakaa nyumbani. Kisha mama akaamka akataka kahawa."

"Basi ndiyo hivyo. Hazianzi upya." Sauti ya Renate ilikuwa na huruma ya kweli, na kwa namna fulani hilo liliongeza uzito. "Samahani sana, Jorunn."

Jorunn alisema asante. Alipoweka simu chini alisimama akifuta kikombe ambacho alikwisha kukifuta. Kilichomkera hakikuwa jibu. Kilichomkera ni kwamba alisema asante mara mbili.

Katika nyumba ile, kukesha lilikuwa neno la kazi, kama kufua au kukamua. Asbjørg alilitumia kwa kondoo walio karibu kuzaa mwezi wa tano. Alilitumia kwa nyasi zilizokatwa wakati mawingu yanapokusanyika, na kwa mkate uliofunikwa uumuke. Alilitumia kwa boti iliyochelewa, wanawake waliposimama gatini kila mmoja akijifanya ana sababu nyingine ya kuwa pale. Na zaidi ya yote alilitumia kwa watu.

Kwa miaka arobaini, mtu akikata roho katika kisiwa cha Ternholmen, Asbjørg alikuwa kitini karibu naye. Hakuna aliyemwajiri. Alikwenda na mfuko wenye chupa ya kahawa, kitabu cha nyimbo ambacho hakukifungua, sindano za kufumia na donge la sufu ya kijivu. Akakaa, akaanza kufuma soksi. Pumzi ya mgonjwa ilipokoma, naye alikomea pale pale alipofika. Akainuka, akafungua dirisha la upande wa bahari ili roho ipate njia, akaliacha pazia la lesi lining'inie nje ili majirani wajue bila kupigiwa simu. Aliyekuwa ng'ambo ya pili ya maji akiliona, alishusha bendera yake nusu mlingoti, na nyumba nyingine zikafuata. Asbjørg akarudi kwake, akaifumua soksi, akaviringa uzi ule ule kwa ajili ya mwingine. Watu zaidi ya sitini, donge moja la sufu.

"Soksi ya nani hiyo, mama?" Jorunn aliwahi kuuliza alipokuwa mdogo.

"Ya anayesubiri."

"Sasa unafanya nini kule?"

"Hakuna cha kufanya. Unakaa tu. Lakini lazima kuwe na mtu kitini."

Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, Asbjørg alielewa kwamba zamu sasa ni yake. Aliomba jambo moja tu, tena kwa pembeni, Jorunn alipokuwa akitandika kitanda. "Kile kiti msikitoe chumbani," alisema. "Kama si usumbufu." Jorunn alielewa. Katika kisiwa kile maombi makubwa yote huwa na mkia huo.

*

Pengo lilikuwa la siku moja. Mpaka Jumatano Hallgeir, mumewe Jorunn, alikuwa nyumbani. Alikaa na mama mkwe wake saa zote mkewe alipokuwa kiwandani, akimsomea gazeti la wiki iliyopita kwa sauti ya kutangazia abiria. Alfajiri ya Alhamisi alipaswa kuondoka kwenda kazini kwenye kivuko, wiki mbili moja kwa moja. Ijumaa Jorunn alikuwa na mapumziko. Kwa hiyo ilikuwa Alhamisi peke yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana.

"Siku moja tu, Krister," alimwambia msimamizi wake.

Krister alikuwa kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. "Meli ya samaki inaingia saa hiyo hiyo," alisema. "Wawili wanaumwa, Rasa anaanza likizo. Ningekuwa na mtu mwingine, Jorunn, nisingekuuliza. Unajua."

"Najua."

"Hakuna wa familia?"

"Sisi ndio familia."

Rasa alisimama upande wa pili wa mkanda, kisu mkononi, samaki wa samoni wakipita kati yao. Alitoka Lithuania, miaka sita sasa kisiwani, na alizungumza lugha ya pale haraka kuliko wenyewe. Alisubiri Krister aondoke.

"Ni muda wa saa nane tu. Kisiwa kina watu themanini. Omba mtu."

"Huku hatuombi hivyo."

"Mnafanyaje?"

Jorunn alifikiri. "Tunangoja waulize."

"Na wao?"

"Wanangoja tuombe."

Rasa alicheka mpaka samaki watatu wakapita bila kuguswa. "Mungu wangu! Mtaisha wote mkingojana." Kisha akafuta kisu chake. "Boti yangu ni saa tano na robo. Mpaka saa tano kasorobo nitakaa naye mimi. Wewe mtafute wa kunipokea."

"Rasa, hiyo ni likizo yako."

"Kwani likizo inaanza alfajiri? Nitakuja na sanduku langu."

"Umewahi kukaa na mtu aliye karibu kufa?"

"Bibi yangu alikufa tukiwa watu kumi na wanne chumbani. Wengine walikuwa wanakula. Mjomba alimkanyaga paka, bibi akafungua jicho akamtukana mjomba, ndiyo akafa." Alichukua samaki mwingine. "Alikufa vizuri."

*

Petra aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Jorunn, mjane wa miaka sabini na minne. Jorunn alikwenda Jumatano jioni, akavua viatu mlangoni, akakaa. Kahawa ikaja, na mkate mwembamba wenye jibini ya kahawia. Kikombe cha kwanza kilikwisha wakizungumzia joto, kwamba tangu mwaka ule wa ukame halijaonekana joto kama hili mwezi wa sita. Cha pili kilikwenda na paa jipya la shule ambayo haina tena watoto. Mara mbili Jorunn alifungua mdomo, na mara mbili Petra akamsogezea sukari.

Katika kikombe cha tatu alisema, akiitazama sahani, "Nilikuwa nafikiria tu. Kesho. Kama huna shughuli. Kama unayo, basi."

Petra aliweka birika chini. "Shughuli gani niliyo nayo mimi? Nina paka."

"Ni mama. Kuanzia saa tano mpaka saa nane na kitu. Kukaa tu."

"Si mna mtu? Tuliona boti ya halmashauri."

"Waliondoka Ijumaa. Amekula uji."

Shingo ya Petra ilikuwa imeiva kwa wekundu. "Tulidhani mna mtu," alirudia. "Hatukutaka kuwasumbua. Nimeoka mkate mara mbili nije nao, mara mbili nimefika hapo kwenye posta, nikarudi nikaula mwenyewe."

"Ungekuja tu."

"Na wewe ungesema tu." Walitazamana, wakacheka wote wawili, kwa aibu, kama watu waliokutwa sehemu moja wakijificha. "Saa tano nitakuwa pale. Nitakuja na ufumaji wangu."

"Asante, Petra. Asante sana. Kweli, asa—"

"Acha kunishukuru, utaniudhi. Alikaa na Birger wangu siku tisa. Na Birger hakuwa mtu rahisi hata alipokuwa mzima."

Jorunn alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alihisi njaa.

*

Alhamisi joto lilianza kabla ya watu kuamka. Hallgeir aliondoka saa kumi na moja. Alimbusu mama mkwe wake kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka haraka. Kitanda cha Asbjørg kilikuwa kimegeuzwa ili aone maji, na ng'ambo ya pili nyumba ya Eilif na mlingoti wake mweupe. Jorunn alimfuta uso kwa kitambaa cha maji. Shingo ilikuwa nyembamba kama ya ndege.

"Hewa," alisema Asbjørg.

Jorunn alifungua mlango wa barazani na wa jikoni. Hapakuwa na upepo upande ule.

"Dirisha, mwanangu. Nisikie membe."

Jorunn alisita. Tangu mama alale pale, dirisha lile halikuwa limeguswa. Si kwamba mtu aliwahi kulikataza. Hakuna aliyehitaji kukatazwa. "Lile, mama?"

Kitu kama kicheko kilipita kooni mwa mzee. "Fungua. Siendi popote leo."

Basi akafungua. Lilikuwa zito kwa rangi za miaka mingi, likatoka kwa kishindo, na kelele za ndege hao wa baharini zikajaa chumbani pamoja na harufu ya mwani. Asbjørg alifumba macho. Uso wake ulilegea kwa namna ambayo hakuna dawa iliyowahi kuufanya ulegee. Jorunn alisimama akimtazama, akajiambia: hakuna aliyeamka bado, nitamwambia Rasa alifunge kabla ya saa mbili.

Rasa alifika na sanduku lake jekundu na mfuko wa matunda ya cheri. Yalikuwepo mengi ya kuelezana. Sifongo ya kulowesha midomo. Matone ya maumivu, mangapi na saa ngapi. Kengele ndogo ya kondoo iliyowekwa juu ya shuka, kwa kuwa sauti ya mama sasa haifiki jikoni. Kiti. "Hiki usikiache, hata ukienda chooni nenda mbio."

"Nitakojoa njiani kwenda Vilnius," alisema Rasa. "Nenda, utachelewa."

Jorunn alishika mkono wa mama. "Narudi saa nane na robo. Petra anakuja baadaye."

"Nisiwasumbue," alisema Asbjørg bila kufumbua macho.

Jorunn akaendesha gari kuvuka kilima kwenda kiwandani, upande wa pili wa kisiwa. Simu aliifungia kabatini pamoja na nguo zake, kama kila mtu, kwa ajili ya usafi. Dirisha lilikuwa limemtoka kichwani.

*

Yaliyofuata Jorunn aliyajua baadaye, kwa vipande, kutoka kwa watu ambao hawakuweza kumtazama usoni.

Muuguzi alikuja saa mbili, akabadilisha shuka, akafurahi kwamba chumba kina hewa. Alitoka bara, na kwao dirisha ni dirisha. Saa tatu Eilif alikaa na kahawa yake, kama kawaida, akitazama ng'ambo. Pazia la lesi lilikuwa limevutwa na upepo mwembamba wa asubuhi, likining'inia nje ya ukuta.

Eilif alikuwa na miaka themanini na mmoja. Asbjørg ndiye aliyekaa na mama yake, na ndugu yake, na mkewe. Hakupiga simu. Mtu hapigi simu kwenye nyumba kama ile saa kama ile. Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akakaa saa nzima na nusu ili asionekane kama mtu aliyekuwa akichungulia. Saa nne na nusu alitoka, akaipandisha bendera mpaka juu kabisa kama inavyotakiwa, kisha akaishusha taratibu nusu mlingoti, akavua kofia.

Nyumba ya karibu yake ikafuata, kisha ya mwenye duka, kisha shule. Kufikia saa tano kasorobo zilikuwa saba.

Rasa aliziona dirishani zikipanda na kushuka. Alijua watu hawa wanavyopenda bendera. Walipandisha siku ya katiba, siku za kuzaliwa za ukoo wa mfalme, na mara moja walipandisha kwa ajili ya mbwa aliyetimiza miaka kumi. Alidhani ni sikukuu. Saa ilipofika alimlowesha mgonjwa midomo, akamwambia kwaheri kwa lugha ya kwao, akatoka na sanduku. Barabarani alimwona Petra akitoka kwenye geti lake na mfuko wa kufumia. Alifurahi kwamba kinamama wa huku wanatunza muda. Akampungia mkono, akakimbilia gatini.

Na Petra, aliyekuwa ameshika geti huku akizitazama bendera, alimwona yule mgeni akitoka katika nyumba ile na sanduku lake, akimpungia. Aliinua mkono taratibu. Basi yamekwisha, aliwaza. Nimechelewa kwa dakika kumi. Alikaa kwenye ngazi yake akalia kidogo, kisha akaingia ndani. Nyumba yenye msiba haiingiliwi siku ya kwanza. Inaachwa ipumue, na kesho yake unakwenda na keki. Petra akavaa aproni, akavunja mayai sita.

*

Saa saba na nusu Krister alikuja kwenye mkanda. Alikuwa ameshika kofia yake ya kazi mkononi, nywele zikiwa wazi, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwagombezea watu kila siku.

"Jorunn," alisema. "Pole sana. Nenda nyumbani."

Jorunn alimtazama samaki aliye mbele yake. "Nani amepiga?"

"Hakuna aliyepiga. Dereva wa lori la barafu amepita upande wenu. Anasema bendera zote..." Hakumaliza. "Ningekuruhusu. Ningejua, ningekuruhusu."

"Najua," alisema Jorunn. Lilikuwa neno alilolisema sana wiki ile.

Simu aliikuta na ujumbe mmoja, kutoka kwa Rasa akiwa botini: *Amelala kama malkia. Leo sikukuu gani?* Aliusoma bila kuuelewa, akaitupa simu kwenye kiti cha nyuma. Alipopanda kilima machozi yalikuwa yakimtoka, lakini chini yake palikuwa na kitu kilichotulia. Petra alikuwa naye. Kama ilikuwa baada ya saa tano, Petra alikuwa naye. Kama ilikuwa kabla, alikuwepo Rasa. Kiti hakikuwa kitupu. Alishukuru kwa jina, kwa sauti, ndani ya gari: asante Rasa, asante Petra.

Kutoka juu ya kilima akaziona. Saba, zimelegea katika joto. Eilif alisimama bustanini mwake na shati jeupe.

Alipopita nyumba ya tatu, Petra alikuwa kwenye ngazi. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Alipoliona gari aliinamisha kichwa, akakaa hivyo.

Jorunn alipita hatua kama hamsini kabla ya kujiuliza Petra anafanya nini pale. Kisha akakanyaga mafuta.

Mlango wa barazani ulikuwa wazi, wa jikoni wazi. Nyumba ilikuwa na ule ukimya wa nyumba isiyo na mtu. Chumbani kiti kilikuwa kando ya kitanda, kitupu, na juu yake mfuko wa cheri aliouacha Rasa. Kengele ya kondoo ilikuwa sakafuni, mbali, karibu na ukuta. Glasi ilikuwa imelala ubavu na maji yalikuwa yamekwisha kukauka kwenye mbao, yameacha doa.

Asbjørg alikuwa macho. Alikuwa akitazama nje.

"Umetoka mapema," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama karatasi.

Jorunn alishika nguzo ya kitanda. "Ndiyo, mama."

"Nani kafa?"

Pazia lilijaa upepo, likatulia.

"Nimezihesabu," alisema Asbjørg. Alipumzika kati ya maneno. "Eilif ndiye aliyeanza. Kisha zote. Saba. Watu hawashushi saba kwa kila mtu."

"Hawashushi."

"Nilipiga kengele nimuulize yule binti. Ikaanguka." Macho yake yalimtafuta Jorunn, yakampata. Hayakuwa na lawama. Yalikuwa na shughuli nyingine. "Alikuwa na mtu?"

Jorunn aliuondoa mfuko wa cheri, akakaa. Mto wa kiti ulikuwa baridi. Akauchukua mkono wa mama uliokuwa juu ya shuka, nao pia ulikuwa baridi, mkavu, mwepesi.

"Alikuwa na binti yake," alisema.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Vizuri." Asbjørg alifumba macho. Jorunn alilowesha sifongo, akampitishia midomoni, naye akanyonya kidogo kama mwana-kondoo. Baada ya muda mrefu alisema, "Usiende kwao leo. Waache wapumue. Kesho utapeleka keki."

"Sawa, mama."

Simu ilikuwa kwenye gari. Kutoka kitini aliweza kumwona Eilif, mdogo ng'ambo ya maji, akinyoosha kamba ya bendera yake isikunjamane. Ingetosha kutoka barazani na kupiga kelele. Ingetosha dakika mbili. Jorunn alizipima dakika mbili hizo, akaupima mkono alioushika, akabaki. Kando ya kabati, kwenye msumari wake, ulining'inia mfuko wa zamani. Aliufikia bila kuinuka. Hakuwa hodari wa kufuma. Kisigino hakuwahi kukijua. Alianza hata hivyo, kwa mkono uliojifunza shuleni, na kila baada ya mistari miwili aliweka sindano chini akamshika mama, kisha akaanza tena.

Hakuna aliyekuja. Mara moja nyayo zilisikika kwenye kokoto, zikasimama mbali na mlango, zikarudi zilikotoka. Harufu ya keki ya lozi iliingia pamoja na upepo.

Saa tisa na dakika ishirini pumzi ilitoka, na Jorunn akasubiri inayofuata. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakomea pale alipofika, akaweka ufumaji juu ya shuka, akainuka kwenda kufungua dirisha.

Lilikuwa wazi tangu asubuhi.